Ghala Halidanganyi

Shamsa alikuwa na sauti nzuri ya kufundishia, na alilijua hilo. Asubuhi aliyosimama mbele ya wahadhiri sitini katika ukumbi wa chuo, ukungu umeziba madirisha yote ya upande wa msituni, alisema maneno ambayo baadaye yaliandikwa kwenye mbao za matangazo za idara zote.

"Watu hudanganya, flashi huungua, karatasi huliwa na panya," alisema. "Ghala halidanganyi."

Wakampigia makofi. Hata wale waliosinzia tangu chai ya saa nne waliamka wakapiga, na Shamsa akayapokea makofi yote, hakubakiza hata moja. Tusimlaumu kwa furaha hiyo. Ya kumlaumu yako njiani yanakuja.

Kabla ya Ghala, chuo kile kilichokaa mlimani juu ya Lushoto mjini kiliishi kwa flashi. Kila mtu alikuwa na faili lake liitwalo "ripoti mwisho", na jingine "ripoti mwisho kabisa", na jingine "ripoti mwisho usiguse", na ukimuuliza lipi ndilo la kweli anakuna kichwa. Mhadhiri mmoja wa misitu alipoteza vipimo vya miaka minne kwa sababu mkewe alihitaji nafasi ya kuweka video za harusi. Shamsa ndiye aliyekuja na dawa. Ghala lilikuwa seva moja, iliyofungiwa chumba cha nyuma ya maktaba, pamoja na programu ndogo iliyowekwa kwenye kila kompyuta ya chuo. Ukiandika kitu ukakihifadhi, Ghala linachukua nakala, linaiwekea tarehe, saa na jina la aliyeandika. Ukibadilisha kesho linachukua nyingine, na ile ya jana halitupi. Hata miaka kumi ikipita, unaweza kurudi nyuma ukaona nani aliandika nini, na lini.

Lakini Ghala lilikuwa bado la majaribio, na Shamsa naye alikuwa bado wa majaribio. Mkataba wake ulikuwa unaisha Juni. Mwezi huohuo baraza la chuo lilikuwa likae kuamua: ama Ghala liwe la idara zote na mtunzaji wake aajiriwe moja kwa moja, ama lizimwe, na Shamsa arudi kwao Muheza kwa shangazi zake sokoni. Hao walishamuuliza mara nyingi kwamba hiyo kazi ya kutunza vitu visivyoonekana ni kazi gani.

Kulikuwa na jambo moja ambalo hakulisema ukumbini. Ghala halimjui mtu. Siku programu inapowekwa kwenye kompyuta inauliza mara moja tu: jina? Utakaloandika ndilo hilohilo, na tangu hapo kila kinachotoka kwenye kompyuta ile kinabandikwa jina lile, awe ameandika mwenye jina, awe ameandika jirani. Ili watu wawili watumie kompyuta moja, lazima kila mmoja afunguliwe mlango wake wa kuingilia kwa jina lake, kazi ya dakika tano. Shamsa alilijua hilo vizuri kama anavyojua njia ya kwenda chooni.

Ofisi ya Dokta Nathanaeli, mtaalamu wa udongo, ilikuwa ya mwisho kwenye korido ya Kilimo. Dokta alibakiza miaka miwili astaafu. Alikuwa mtu mpole, wa suti ya kahawia, asiyejua kompyuta na asiyetaka ijulikane. Siku Shamsa alipokwenda kumwekea Ghala, Dokta hakuwepo. Alimkuta Paskalina, mwanafunzi wake wa mwaka wa pili, binti wa wakulima wa kabichi wa Mlola, aliyesomeshwa na masista Kifungilo akatoka na akili kali na adabu nyingi mno. Hakuwa na kompyuta yake mwenyewe, kwa hiyo Dokta alimpa ufunguo wa ofisi awe anafanyia humo. Kiti cha Dokta kilikuwa kitupu, lakini Paskalina hakukikalia. Aliingiza benchi la korido, fupi, meza inamfika kifuani, akawa anaandika mikono imeinuliwa kama mtu anayeanika nguo.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Mbona hukai kitini?"

"Ni cha mwalimu."

Shamsa akacheka. Akaweka programu, ikauliza jina, akaandika la Dokta. Halafu akasita.

"Na wewe nikufungulie mlango wako? Utatumia jina lako, kazi zako zitajitenga na zake."

Paskalina aliona haya mpaka akainama. "Hapana, dada. Kompyuta ni ya mwalimu. Nitawekaje jina langu juu ya meza yake? Ataniona nimeota mapembe."

"Haya," akasema Shamsa.

Hakumwambia jina lile lina kazi gani. Alikuwa na ofisi tisa nyingine za kumaliza kabla ya adhuhuri, na adabu ya binti ilimwokolea dakika tano.

Mwaka mzima na zaidi Paskalina aliandika akiwa kwenye benchi lile. Alichoandika kilikuwa programu ya kutabiri maporomoko: unaipa mvua ya siku kumi, mteremko wa shamba na aina ya udongo, nayo inakwambia shamba lipi, juu ya kijiji kipi, liko hatarini kushuka. Alikuwa na sababu yake. Alipokuwa darasa la sita, shamba la babu yake lilikatika likaenda na nyumba ya majirani, na watu wanne ndani. Vipimo alivichukua mwenyewe, kwa miguu, tuta kwa tuta, akiwauliza wazee kwa Kishambaa ni wapi ardhi ilishawahi kufunguka na ilikuwa mwaka gani. Programu ile ndiyo ilikuwa mradi wake wa mwaka wa mwisho, na bila mradi hakuna shahada.

Aprili, Dokta Nathanaeli aliipeleka programu ileile kwenye mkutano mkubwa Dodoma, kwa jina lake. Wageni wakapanda mlima kuja kumpongeza. Mei, Paskalina akakusanya mradi wake, mtahini akaufungua, akaona ni kitu kilekile, mstari kwa mstari. Na chuo kilikuwa na kanuni mpya, mbichi kabisa, aliyoipendekeza Shamsa mwenyewe: kazi mbili zikifanana, Ghala litaamua. Ghala likaulizwa. Kila mstari, tangu wa kwanza hadi wa mwisho, ulikuwa na jina moja: Nathanaeli. Hivyo Paskalina akaitwa mbele ya kamati ya nidhamu kwa kosa la kuiba kazi ya mwalimu wake. Adhabu ya kosa hilo haina mjadala. Unafukuzwa, na hakuna kurudi.

Siku moja kabla ya kikao alikwenda kwenye chumba cha seva. Hakuwa analia. Alikuwa ametulia kwa namna ya mtu anayejua kwamba kuna kosa dogo mahali na litarekebishwa sasa hivi.

"Dada, wewe ulikuwepo," alisema. "Sema tu ulivyoniuliza, na nilivyokujibu. Watakuamini."

"Usiwe na wasiwasi," Shamsa alimwambia. "Nenda kapumzike."

Na wakati ule alikuwa anasema kweli. Binti alipotoka, Shamsa alifungua kumbukumbu za Ghala, akachukua na orodha ya ruhusa za safari za wahadhiri, akaziweka sambamba. Februari, Dokta Nathanaeli alikuwa Dodoma siku kumi na moja. Katika siku hizo kumi na moja, kompyuta ya ofisini kwake, ile ya mezani isiyobebeka, ilihifadhi kazi mara thelathini na moja. Mara thelathini na moja mtu aliyeko Dodoma alikuwa ameandika Lushoto. Ushahidi mzima ulikuwa pale kwenye kioo, hauna kona wala kivuli. Kilichobaki ilikuwa kuuchapa.

Akaenda kutafuta karatasi. Kwenye korido akakutana na Profesa Ibrahimu, mwenyekiti wa kamati ya nidhamu, ambaye pia ndiye aliyekuwa apeleke suala la Ghala mbele ya baraza wiki itakayofuata.

"Kesho ndiyo siku ya Ghala lako," Profesa alimwambia kwa bashasha. "Likisimama imara kesho, baraza halitakuwa na swali. Kuna watu kule wanasema halitegemeki. Waje waone."

Hakumwomba adanganye. Nalisema hili wazi ili baadaye asije akapatikana mtu wa kumtupia mzigo. Profesa alikuwa hajui lolote, alikuwa anamtakia heri tu.

Shamsa alirudi chumbani bila karatasi. Akakaa. Akafikiria kesho anasimama mbele ya kamati na kusema kwamba jina lililo kwenye Ghala ni jina tu, huenda ni la aliyeandika, huenda ni la mwenye meza. Basi na kompyuta nyingine mia na thelathini na tisa? Nani ataamini hata moja? Wale wanaosema halitegemeki watacheka mpaka washike mbavu. Na mwenye kosa ni nani? Ni yeye, aliyeona, akauliza, akapita. Akajiambia kwamba hatadanganya. Atajibu anachoulizwa, basi, ya zaidi si kazi yake. Watu waoga hupenda sana kujipa maelezo ya namna hii, na Shamsa alijipa mpaka akashiba.

Kikao kilianza saa tatu. Wajumbe walikuwa watano, wote wamevaa makoti kwa baridi. Dokta Nathanaeli alikaa karibu na dirisha akiangalia nje, na Paskalina akasimama, ingawa kulikuwa na kiti.

"Bibi Shamsa," Profesa Ibrahimu alianza, "jina lililo kwenye kazi hii ni la nani?"

"La Dokta Nathanaeli."

"Lote?"

"Lote."

Dokta akaulizwa kama ana la kusema. Alijikohoza. "Ni kazi ya ofisi yangu," alisema, bado anaangalia nje. "Huyu binti alikuwa ananiandikia tu. Ni mtoto mzuri. Nadhani alichanganya mambo."

"Mwalimu, Februari ulikuwa Dodoma," Paskalina akasema. Sauti yake haikupanda. "Kazi haikusimama. Niliandika siku zote."

"Siku hizi mtu anafanya kazi popote alipo," Dokta akajibu.

Profesa akamgeukia Shamsa. "Hilo linawezekana? Mtu awe Dodoma, kazi iingie hapa?"

"Linawezekana," akasema Shamsa.

Na ni kweli, linawezekana. Kwa kompyuta nyingine, zilizoandaliwa hivyo. Kompyuta ya Dokta haikuwahi kufunguliwa kutoka mbali hata siku moja, na katika chumba kile aliyelijua hilo alikuwa mmoja. Lakini hawakuuliza kuhusu kompyuta ile. Mjumbe mmoja aliandika neno "linawezekana" kwenye daftari lake akalipigia mstari chini.

Hapo ndipo Paskalina alipomgeukia. Mpaka dakika ile alikuwa anamsubiri, kama abiria anavyomsubiri dereva amalize kunywa chai yake.

"Dada Shamsa, siku uliyokuja kuweka programu ofisini kwa mwalimu, uliniuliza kama nataka jina langu. Nikakataa. Unakumbuka?"

Dokta Nathanaeli aliacha kuangalia dirishani. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi aliangalia ndani ya chumba, na aliyemwangalia ni Shamsa. Uso wake ulikuwa umekauka. Shamsa aliona kabisa kwamba mzee yule amekwisha, kwamba neno moja tu litamwangusha, na kwamba neno lenyewe analo yeye.

"Niliweka kwenye kompyuta mia na arobaini," alisema. "Sikumbuki."

Paskalina aliendelea kumwangalia, akidhani jibu bado lina sehemu nyingine. Halikuwa nayo. Dokta akashusha pumzi, akairudia miti yake dirishani.

Haikuchukua nusu saa. Paskalina alifukuzwa, programu ikabaki ya Dokta, na Profesa Ibrahimu akamwambia Shamsa mbele ya wote kwamba hiyo ndiyo faida ya kuwa na kitu kisicho na upendeleo. Wiki iliyofuata baraza lilikaa, likapitisha Ghala kwa idara zote bila swali. Jumatano Shamsa akapewa barua ya ajira. Aliwapigia simu shangazi zake Muheza, wakapiga vigelegele hukohuko sokoni, na usingizi wake ulikuwa mzuri. Ningependa kusema kwamba hakulala. Alilala.

Alhamisi asubuhi mlango wa chumba cha seva uligongwa. Aliingia mzee mmoja mrefu, amevaa koti la suti lililombana mabegani na viatu vya mvua vilivyooshwa vikang'aa. Begani alibeba kiroba cha viazi, na mkononi ameshika jogoo aliyefungwa miguu. Nyuma yake aliingia Paskalina, akafunga mlango, akasimama.

"Shikamoo, mzee," Shamsa alisema.

"Marahaba, mwanangu. Mimi ni Kristian, baba yake huyu." Alitua kiroba polepole ili kisichafue sakafu. "Wewe ndiye dada wa mashine?"

"Ndiye mimi."

"Ahsante. Kwa Dokta tumeshapita. Tumemwachia beberu, amepokea, Mungu ambariki, hata chai ametupa. Tumebakiza wewe." Alivua kofia. "Kwetu, mtoto akikosa, mzazi haandiki barua. Anakuja naye, anasema kwa kinywa chake mwenyewe, yanaisha. Nina wengine wawili nyuma yake, mmoja yuko kidato cha tano. Nao wanapatamani hapahapa. Sitaki siku wakija wakute jina langu limeoza."

"Mzee, haikuwa lazima..." Shamsa alianza.

"Ni lazima." Alisema kwa upole, kama mtu anayemrekebisha mtoto wa mwenzake. "Huyu amenieleza mengi toka Mlola mpaka hapa. Kwamba aliandika yeye. Kwamba wewe unajua na umekataa kusema. Nilimsikiliza, maana ni mwanangu. Halafu nikamwambia, mama, mwalimu anaweza kukuonea. Dada wa watu anaweza kukuonea. Hata mimi baba yako naweza kukuonea nikiamka vibaya. Lakini mashine itakuonea kwa lipi? Haikujui. Haina ugomvi na wewe. Alipokosa jibu nikajua." Macho yake yalikuwa yamejaa maji, na hakuyafuta. "Mimi sikusoma, mwanangu. Lakini nilimleta hapa kwa jasho langu. Haya, Paskalina."

Paskalina alipiga hatua moja mbele. Mikono aliikunja mbele, kama walivyomfundisha. Alikuwa amekonda. Alimwangalia Shamsa machoni, na hakukuwa na hasira mle, na hilo ndilo lililokuwa baya.

"Naomba unisamehe, dada," alisema, "kwa kukusingizia mbele ya kamati."

Kilitosha kitu kimoja tu. Kusema: mzee, hakunisingizia. Zile mara thelathini na moja zilikuwa bado zipo, kwenye seva iliyokuwa ikinguruma ukutani nyuma yake, na barabara ya kwenda kwa Profesa ilikuwa ya dakika tatu kwa miguu. Shamsa alifungua kinywa. Maneno yalimfika mpaka kwenye meno. Hakuwa anaogopa tena kupoteza kazi, maana barua alikuwa nayo, na kazi waliyokwisha kukupa hawakunyang'anyi kirahisi. Kilichomshika kilikuwa kitu kidogo zaidi, na ndiyo maana kinachukiza zaidi. Aliona haya. Aliweza kumwacha binti wa watu apotee, lakini hakuweza kuonekana mwongo mbele ya mkulima wa kabichi aliyevua kofia.

Jogoo alipapatika kidogo. Mzee Kristian alimtuliza kwa kidole.

"Nimekusamehe," akasema Shamsa.

Mzee alifumba macho, midomo inatikisika, anashukuru kwa Kishambaa. Kisha akamkabidhi jogoo, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, migumu, yenye udongo wa miaka mingi kwenye mistari. Akamgeukia binti yake, uso wake mwepesi kuliko alivyoingia.

"Umeona?" alimwambia. "Nilikwambia ni mtu mwema."

"Nimeona, baba," akasema Paskalina.